Tausi wa Shangazi Mwantum

Shangazi Mwantum wa mtaa wa Bwiza alikuwa na kitanda ambacho wageni walipelekwa kukitazama, kama watu wengine wanavyopeleka wageni kumtazama mtoto mchanga. Kwake hukunywa chai kabla hujakiona. Alikushika mkono, akafungua pazia la chumba, akaondoa plastiki aliyoifunika juu kwa ajili ya vumbi, akasema: "Angalia polepole. Usiguse." Juu ya mito miwili kulikuwa na tausi wawili, mmoja kila mto, wamedariziwa kwa nyuzi za buluu, kijani na manjano. Ukishamaliza kusifu ndipo chai inaletwa, nyepesi kama maji ya kunawia, maana kwa hesabu yake ulikuwa umeshashiba.

Alisema kudarizi alijifunza fwaye, ile nyumba ambamo wake za Wabeleji walikuwa wakifundisha wanawake wa mji kushona na kupika keki kabla ya uhuru. Jina la madamu aliyemfundisha lilibadilika kila mwaka. Mara alikuwa Madamu Poleti, mara Madamu Simoni. Ambalo halikubadilika ni kwamba madamu huyo alimpenda Mwantum kuliko wanafunzi wote, na siku ya kupanda ndege alimwachia karatasi zake za michoro. Karatasi hizo zilikaa ndani ya bati la biskuti, na bati likakaa chini ya kitanda. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu, sina elimu ya kujivunia, lakini karatasi iliyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye gazeti naijua nikiiona.

Mumewe alikwenda Kigoma kununua vitenge, mwaka ambao hakuna anayeukumbuka vizuri, na mpaka leo hajamaliza kuchagua.

Jambo moja nampa bila kumnyima: alimlea Hamimu, mtoto wa marehemu kaka yake, akamlea vizuri. Hamimu alikuwa anauza spea za magari hapa Buyenzi, karibu na gereji ya mume wangu Twahiru. Mtu mpole, anayesalimia mpaka watoto. Ndiye aliyemtaka wifi yangu Raihana, na Raihana alimtaka yeye. Raihana ni mdogo wa Twahiru. Alikuja kwetu mwaka ule nyumba ya wazazi wao ilipochomwa kule Kamenge, akiwa na mfuko mmoja na viatu vya mtu mwingine. Mama yao hakufika. Kwa miaka mitatu Raihana alilala sebuleni kwetu juu ya mkeka, akanisaidia kila kitu, na nilipojifungua Houda yeye ndiye aliyemwogesha kwanza. Nilimpenda, na nilitaka apate kitanda chake mwenyewe.

Lakini kati ya Raihana na kitanda alikaa Shangazi Mwantum.

Upande wao walikuwa na desturi. Wiki moja kabla ya harusi, wanawake wa kwa bwana harusi wanakuja kuona foronya alizodarizi bibi harusi. Mchoro unatoka kwao, kazi inatoka kwake. Shangazi wa bwana harusi akizikubali, anaivisha mito kwa mkono wake na kuitandika, na mambo yamekwisha. Akizikunja na kuzirudisha, mambo yamekwisha pia. Msichana wa kwanza aliyeposwa na Hamimu alirudishiwa foronya zake zimekunjwa mara nne, kwa sababu eti mshono wa majani ulikuwa umelegea. Msichana yule alilia wiki mbili, halafu akaolewa na mtu wa Uvira, na nasikia huko analalia mto mtupu na ananenepa.

Basi mwaka wa tisini na nane, katikati ya ile ambargo, vikwazo vya biashara vya nchi jirani, iliyofanya hata uzi mwekundu uwe kitu cha kuombewa dua, tulikwenda Bwiza kuchukua mchoro. Tulitembea kwa miguu asubuhi, Houda mgongoni kwangu. Shangazi Mwantum alitupokea mlangoni, akamtazama Raihana kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu, akarudi juu tena.

"Ndo huyu?"

"Ndiye, Shangazi," nikasema.

"Mwembamba. Bon. Njoni muone kitanda."

Tukaona kitanda. Kazi ya sindano ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Lakini nilipokuwa nikitazama polepole kama nilivyoamriwa, niliona jambo. Tausi wote wawili walikuwa wanatazama kushoto. Kitanda kilikuwa kimesukumwa kwenye ukuta upande huohuo wa kushoto. Kwa hiyo tausi wa kwanza alikuwa anautazama ukuta, na wa pili alikuwa anamtazama mwenzake mkia. Raihana naye aliliona. Nilijua kwa sababu alitazama ukuta, halafu mkia, halafu ukuta tena.

"Shangazi," akauliza taratibu, "mbona hawaangaliani?"

Shangazi Mwantum alicheka puani.

"Mutoto wa juzi. Huyu wa mbele ni mwanaume. Anatangulia. Huyu wa nyuma ni mwanamuke, anafuata. Ndo ndoa hiyo. Madamu alitufundishaka hivo."

"Na mwanaume anaangalia nini pale kwa ukuta?" nikauliza mimi.

"Anaangalia mbele!"

Nikamtazama tausi dume, ambaye pua yake ilikuwa inagusa chokaa, nikakubali kwamba hakika alikuwa mbele. Mwenye kitanda mwenyewe alikuwa amefuata mkia wa mtu mpaka mtu akapotelea Kigoma, na bado alikuwa anatufundisha ndoa.

Baadaye chai ikaja, na bati la biskuti likavutwa kutoka chini. Shangazi akatandaza karatasi tatu mezani. Moja ilikuwa na mawaridi, nyingine kikapu cha maua, na ya tatu wale tausi.

"Chagua mwenyewe," akamwambia Raihana. "Mi sipendi kulazimisha mutu."

Raihana alitazama kwa muda, akaweka kidole kwenye mawaridi.

"Waridi!" Shangazi akashika shavu. "Waridi ni ya wanawake wa bar. Unataka Hamimu alale kama yuko buvette?"

Raihana akahamisha kidole kwenye kikapu.

"Kikapu. Yebaba we! Unaenda soko? Usiku unalala, asubuhi unaamka umebeba kikapu?"

Kidole kikaenda kwenye tausi, maana hakikuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Vwala. Tausi. Umechagua mwenyewe, Mama Houda ni shahidi, sikukulazimisha." Alifurahi kweli, kama mtu aliyetoa zawadi. Tausi ndiye aliyekuwa mgumu kuliko yote, mkia una macho thelathini na moja, niliyahesabu. "Lakini munanisikia? Kama yangu. Ile ile. Bila kubadilisha kitu. Atakayejifanya fundi kuliko mimi namurudishia foronya yake mbele ya watu."

"Karatasi ya kaboni utatuazima, Shangazi?" nikauliza, kwa sababu nilijua anayo, ilikuwa inachungulia ndani ya bati.

"Kaboni yangu ni ya kabla ya vita. Tafuteni yenu. Na karatasi msiitoboe, msiikunje, kesho naitaka hapa."

Nilipoishika ile karatasi ya madamu, niliigeuza nyuma bila kufikiri. Nyuma kulikuwa na nusu ya mwanamke Mzungu anayecheka, ameshika shati jeupe, na povu la sabuni. Tangazo la gazeti. Hapo nikaelewa yote, mpaka nikataka kucheka naye yule Mzungu. Kaboni unailaza upande wa wino kwenye kitambaa, juu yake mchoro, halafu unapitisha penseli. Mchoro unautazama upande mmoja tu. Ukitaka tausi wa pili atazame huku, lazima karatasi igeuzwe, na nyuma ya karatasi ya Mwantum hapakuwa na tausi, palikuwa na mama wa sabuni. Basi alipiga tausi wa kwanza, akapiga wa pili vilevile, akakuta hawatazamani. Hakujua la kufanya. Akatunga ndoa.

Na nusu ya Bwiza ilikuwa imelala juu ya utungo huo. Kila msichana aliyepewa tausi aliwafuatisha hivyohivyo, ndege nyuma ya ndege, na mama zao wakaeleza kwamba ndiyo desturi.

Sokoni Rohero nilitafuta kaboni kwa wauza madaftari wote, hakuna. Mmoja aliniuliza kama mimi ni wa wizara. Ikabidi tufanye kwa njia ya hapa kwetu Buyenzi, ambayo bibi yangu alitumia kwa kofia. Nilichukua karatasi ya katikati ya daftari, ile isiyo na tundu, nikaipaka mafuta ya kupikia kwa pamba kidogo kidogo mpaka ikawa kama kioo cha dirisha lenye mvuke. Tukaianika. Tukailaza juu ya tausi, na Raihana akafuatisha kwa penseli, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Ana mkono mtulivu. Karatasi ya madamu tuliirudisha Bwiza kesho yake, haina tundu wala mkunjo, na Shangazi aliinusa.

Baada ya hapo kazi ya kutoboa. Unachomeka sindano kwenye kipande cha gunzi ili kidole kisiumie, unaweka blanketi chini, unatoboa juu ya mstari, tundu karibu na tundu. Siku mbili tulitoboa kwa zamu, huku milio ya bunduki ikisikika kutoka milimani upande wa juu, na Twahiru akisema tufunge madirisha, nasi tukifunga na kuendelea.

Wino wetu ni buluu ya kufulia. Unaisaga iwe unga, unadondosha mafuta ya taa, ndiyo peteroli ya hapa kwetu, matone matatu, yasizidi, yakizidi inatapakaa na yakipungua haishiki. Unachovya kitambaa kilichofungwa kama kifundo, unasugua juu ya karatasi. Ukiinua, mchoro umebaki kwenye foronya kwa nukta, na siku ya kufua unaondoka wote kama haukuwahi kuwepo. Houda alitambaa akatia mkono kwenye sahani, akajipaka mashavu, na mchana kutwa tulikuwa na mtoto wa buluu anayetuchekea. Nilimbusu nikawa na mdomo wa buluu. Twahiru alirudi kutoka gereji akauliza kama tumemwuza mtoto tukanunua mwingine.

Tausi wa kwanza akatoka, anatazama kushoto. Raihana akabandua karatasi, akatandaza foronya ya pili, halafu akakaa ameishika ile karatasi mikononi. Karatasi yetu haikuwa na mama wa sabuni. Ilikuwa matundu tu, na tundu linatoboka pande zote.

"Weka kama ya kwanza," nikamwambia. "Umesikia alivyosema. Usijitafutie maneno."

"Wifi, mama alikuwaka na njiwa mbili kwa mito yake. Nilikuwa nalala katikati nikiwa mudogo, nikiwa mugonjwa. Walikuwa wanaangaliana, na mi nilikuwa katikati yao." Hakulia. Alikuwa anasawazisha kona ya karatasi kwa ukucha. "Siwezi kulala na ndege anaangalia ukuta."

"Atazirudisha, Raihana! Harusi itakufa kwa sababu ya ndege?"

"Pengine."

"Mwambie Hamimu kwanza."

"Hamimu atasema tufanye vile anataka shangazi. Ni mtu muzuri." Akaigeuza karatasi, akaipiga pini nne kwenye pembe, akasugua buluu. Ilimchukua muda mfupi kuliko kusema Bismillahi, ambayo aliisema pia.

Nilikasirika naye siku nzima. Halafu nikachukua uzi wa kijani nikamsaidia mkia.

Siku ya kuonyesha, walikuja wanawake sita kutoka Bwiza, baada ya sala ya adhuhuri, ili warudi mapema kabla ya saa ya amri ya kufungiwa ndani. Kitanda kilikuwa changu, maana Raihana hakuwa nacho, nimekitandika shuka jeupe. Shangazi Mwantum aliingia mbele, amejifukiza udi kana kwamba yeye ndiye anaolewa. Nyuma yake alikuwa jirani yake Sijaona, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, ambaye binti zake watatu wote waliolewa na tausi.

Foronya zilikuwa kwenye sinia, zimekunjwa. Shangazi alizifungua moja moja akazileta dirishani. Alitafuta kosa. Alipindua nyuma akatafuta mafundo, akavuta uzi kwa ukucha, akahesabu macho ya mkia. Yalikuwa thelathini na moja. Kwa kuwa aliangalia moja moja, na akili yake yote ilikuwa kwenye mafundo, hakuona ndege anatazama wapi. Aliguna. Mguno huo, kwa anayemjua, ulikuwa tuzo.

Akavisha mito. Akailaza kitandani kwa mikono yake mwenyewe, akapiga kofi mara moja kwenye kila mto, akarudi nyuma ili watu waone.

Tausi walikuwa wamepeana migongo. Mmoja ukutani, mmoja mlangoni, kama watu waliogombana.

"Yebaba we!" Sijaona akapiga kelele. "Hawa wameachana kabla ya harusi!"

Wanawake wakacheka, wengine wakaziba midomo. Uso wa Shangazi ukakakamaa. Akaitazama foronya, akamtazama Raihana, na mkono wake ukaenda kwenye mto kuuvua. Nilimbana Houda kifuani mpaka akalalamika.

"Samahani, Shangazi," Raihana akasema. "Badilisha nafasi tu. Huyu aje huku, huyu aende kule."

Hakungoja. Alipita mbele yake kwa adabu, akainua mito, akaihamisha. Tausi wakatazamana. Midomo yao ilikaribiana, na mikia ikafunguka huku na huku mpaka kingo za kitanda, kitu kimoja kizima, kama mlango wenye nakshi. Hata mimi niliyesaidia mpaka vidole vikachubuka sikuwa nimewaona hivyo. Sijaona akainamia mito.

"Lakini sha, mchoro ni ule ule! Mumefanya je?"

"Tuligeuza karatasi," nikasema. "Hivyo tu."

"Kugeuza tu?"

"Kugeuza tu."

Niliwaona wakifikiri, kila mmoja akienda kwa akili mpaka kitandani kwake na kurudi.

"Basi mi niko na watoto watatu," Sijaona akasema polepole, "wanalala na ndege ananusa mkia wa mwenzake, bure! Mwantum! Si ulituambia mwanaume anatangulia?"

Hapo ndipo nilitaka aanguke. Nasema kweli, nilimtazama yule mama mbele ya kitanda changu, mkono bado umenyooka hewani, na nilikuwa na maneno yangu yote tayari: mama wa sabuni, na nusu ya shati jeupe, na Madamu Poleti. Nilifungua mdomo. Raihana akanikanyaga mguu.

"Ni tausi wa Shangazi," akasema. "Karatasi alitupa yeye. Sisi tulifuata mistari yake tu."

Nilitaka kumfinya. Mtu anakaribia kuzama, wewe unamletea kiti. Na Shangazi Mwantum alikikalia kiti kile bila hata kusema asante. Alishusha mkono, akanyoosha mto ambao haukuwa na mkunjo wowote, akageuka kwa wenzake.

"Nilikuwa nataka kuona kama atagundua mwenyewe," akasema. "Miaka yote nangoja musichana mwenye akili. Ninyi wote mulifuata tu kama mbuzi."

"Yule wa Uvira je?" Sijaona akauliza.

"Yule mushono ulilegea!"

Na mito ikabaki ilipokuwa. Alipiga kofi tena, moja kila mto, akasema Mungu awabariki. Harusi ilifungwa Ijumaa asubuhi. Raihana alitoka kwetu na mito yake kichwani na mkeka wake akaniachia, na nilipoukunja sebuleni nililia, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuuruka.

Ndani ya mwezi mmoja Bwiza nzima ilijua kwamba Mwantum alikuwa ameficha siri ya Wabeleji kwa miaka arobaini na sasa ameitoa. Alikwenda nyumba kwa nyumba akieleza jinsi ya kugeuza karatasi. Alimtuma Hamimu kuchukua karatasi yetu yenye matundu, akisema tausi ni wake na matundu yake pia ni yake. Tukampa.

Nilikwenda kumsalimia baada ya Idi, Houda ameanza kusimama kwa kushika vitu. Nilikaa nikingoja kushikwa mkono. Hakunishika. Chai ilikuja moja kwa moja, na pazia la chumba lilikuwa limefungwa. Lakini Houda, ambaye hana adabu ya watu wazima, alilishika pazia ili asimame, nalo likafunguka. Kitandani palikuwa na mto mmoja umevaa. Foronya ya pili ilikuwa imetandazwa, na juu yake wembe, na kifungu cha nyuzi zilizofumuliwa, za buluu na kijani, zimefifia. Tausi aliyekuwa anatazama ukuta alikuwa ameshafumuliwa mpaka shingoni. Pembeni palikuwa na karatasi yetu, na sahani yenye unga wa buluu uliochafuka kwa mafuta mengi kupita kiasi.

"Natoa vumbi," Shangazi akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

Akarudisha pazia, akakaa, akamwangalia Houda anavyotikisa kijiko.

"Mama Houda. Ile peteroli, matone ni ngapi?"

Nilinywa chai yake, ambayo siku hiyo ilikuwa na rangi.

"Matatu," nikamwambia.

"Ndo hivo," akasema, akitikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika. "Matatu. Nilikuwa nataka kuona kama unakumbuka."